Mwenye Gari Hatembei

Katika kaunti ile mtu hatembei kandokando ya barabara kuu ila awe amepatwa na jambo. Ama gari limemfia, ama benki imelichukua, ama ametoka jela asubuhi hiyo na hana wa kumpokea. Ozella Pruitt hakuwa amepatwa na lolote kati ya hayo. Alikuwa amevaa raba nyeupe, amejifunga kitambaa kichwani, mkononi ana mpini wa ufagio wa kuwatishia mbwa, naye alikuwa anatembea.

Gari la mizigo la Shemasi Purvis lilimpita, likapunguza mwendo, likarudi kinyumenyume hadi ubavuni pake. Shemasi akateremsha kioo.

"Dada Ozella! Limezimikia wapi?"

"Nini kimezimika, Shemasi?"

"Gari."

"Gari liko nyumbani, bandani. Hosea amelifunika turubai."

Shemasi Purvis akatazama mbele, akatazama nyuma, kisha akashusha sauti kama mtu aliyeaminiwa siri. "Bandani. Vizuri. Liacheni humo humo. Haya, panda nikufikishe."

"Unifikishe wapi? Siendi popote."

Jibu hilo lilimtia Shemasi hofu kuliko lile la kwanza. Jua la Agosti lilikuwa limeanza kuiyeyusha lami, na mama mzima, mpishi wa shule, mke wa mtu, anasema haendi popote.

"Huendi popote?"

"Natembea. Nikifika darajani nageuka."

"Ukifika darajani unafanya nini?"

"Nageuka."

"Halafu?"

"Halafu narudi kwangu, Shemasi! Ulidhani najitupa mtoni?"

Purvis hakucheka. Alitoa leso akajifuta shingo. "Dada yangu, hakuna aibu katika mambo haya. Mimi mwenyewe, mwaka ule kiwanda kilipofungwa, walikuja kunichukulia gari watoto wangu wakiwa ndani yake. Wamo ndani, wanakula biskuti! Kwa hiyo usinifiche mimi."

"Sikufichi kitu. Daktari amesema nitembee."

"Daktari," alisema Purvis, kwa upole wa mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuutunza uongo wake. "Sawa, dada. Daktari."

Nyuma yao lori la magogo likapiga honi hadi misonobari ikaitikia. Purvis akaondoka. Ozella alimwona amekwisha kuweka simu sikioni kabla hajafika kwenye kona.

*

Hosea Pruitt alikuwa bandani, ameinua turubai nusu, anasugua boneti ya gari lake la Biuki kwa kitambaa laini. Aliposikia hatua za mkewe kwenye changarawe alitoka upesi, akaichungulia barabara pande zote mbili kabla ya kumtazama yeye.

"Nani amekuona?"

"Nami nimekumisi, mume wangu. Nimerudi salama, ahsante."

"Nani amekuona, Ozella?"

"Mungu. Na Purvis."

"Purvis!" Hosea akakitupa kitambaa. "Hujui Purvis ni redio? Redio ina kitufe cha kuzimia, Purvis hana! Sasa hivi kanisa zima linajua mke wa Hosea Pruitt anatangatanga barabarani kama mbuzi aliyekata kamba."

Ozella alipita akaingia jikoni. Aliandaa meza bila haraka: kuku wa kuoka, amechunwa ngozi, maharage, majani ya sukumawiki yaliyopikwa kwa vitunguu, pilipili na siki. Hapakuwa na mguu wa nguruwe wa kukaushwa kwa moshi ndani ya sufuria, wala mkate wa mahindi unaong'aa mafuta, wala jagi la chai ya barafu iliyojaa sukari hadi kijiko kinasimama. Vitu hivyo vilikuwa vimetoka nyumba ile tangu Machi.

Machi ndipo alipokuwa jikoni mwa shule anachota supu, upawa ukamponyoka. Alijaribu kusema "nisogezeeni kiti," maneno yakatoka kama mtu anayeongea na pamba mdomoni, na mdomo wenyewe ukaenda upande. Walimuuliza jina lake, akalitafuta asilione. Hospitalini maneno yalirejea taratibu, mdomo ukarudi mahali pake, na daktari, binti mdogo mwenye macho ya usingizi, akakaa ukingoni mwa kitanda akamwambia: "Mama, kiharusi huyu wa leo alikuja kupiga hodi. Mwenzake hapigi hodi." Ozella hakuhitaji kuelezwa. Mama yake aliondoka hivyo. Dada zake wawili, Ardelia na Corinne, waliondoka hivyo. Hakuna hata mmoja wao aliyeionja keki ya miaka sitini. Desemba Ozella angetimiza sitini, naye alikuwa ameapa kuila keki hiyo, hata ikiwa kipande chembamba kama kadi.

Hosea aliivuta sahani yake, akaitazama kama mtu aliyeletewa hati ya mahakama.

"Kuku wa watu ana ngozi," alisema.

"Kuku wa watu anazika watu."

Alikula matonge mawili matatu, akasukuma sahani. "Nimeshiba."

"Siku hizi unashiba upesi."

"Jua kali." Hakumtazama. "Sikiliza, mke wangu. Sikukatazi kutembea. Ila kama lazima utembee, nitakupeleka uwanja wa shule ya sekondari. Kule wanatembea walimu na wazungu, wanazunguka, wanazunguka, hakuna anayewashangaa."

"Unipeleke mjini kwa gari, nikatembee, halafu unirudishe kwa gari?"

"Ndiyo."

"Hosea."

"Ndivyo wafanyavyo watu wenye heshima zao!"

"Na siku uko kazini? Na siku ya mvua gari halitolewi nje lisichafuke? Barabara iko mlangoni kwangu, bure, haina saa ya kufungua wala kufunga."

Hosea aliposema tena, sauti ilikuwa imetoka mahali pengine. "Baba yangu aliitembea barabara hiyo hiyo. Alfajiri anakwenda kuchuma pamba ya watu, jioni anarudi, na magari yao yanampita yanamtimulia vumbi, mengine yanamtimulia kwa makusudi. Mvulana mdogo wa kizungu anamwita kwa jina lake la kwanza kutoka dirishani, na yeye anavua kofia. Alituapisha watoto wake wote. Alisema, wa damu yangu hatatembea tena njia hii. Nilifanya kazi ya kupasua mbao hadi masikio yakafa nusu, ili ninunue gari ambalo hakuna aliyelikalia kabla yangu. Sasa mke wangu yuko barabarani na fimbo."

Ozella aliweka uma chini. Alimpenda mwanamume huyu, na alimpenda zaidi alipozungumzia baba yake. Lakini alikuwa ameona mdomo wake mwenyewe kwenye kioo cha hospitali.

"Baba yako alikufa ana miaka mingapi?"

"Themanini na minane."

"Na kaka zako, waliokwenda kila mahali wamekaa garini?"

Hosea alichukua funguo akasema anakwenda kutia mafuta gari, ingawa Ozella alijua tangi limejaa.

*

Dada Velma Rucker alipiga simu Alhamisi. Velma alikuwa jemadari wa jiko la Kanisa la Mlima Nebo, na Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa ya Kurudi Nyumbani, siku ambayo watoto wote waliokimbilia Chicago na Detroit hurudi na magari ya kukodi, wakakaa viti vya mbele, wakala hadi wakalegea. Kila mama hubeba trei lake lenye jina chini, na jioni kila mama hulibeba trei hilo kurudi nyumbani mbele ya macho ya wote. Trei tupu ni nishani. Trei lililorudi na chakula ni hukumu. Yuko mwanamke mmoja aliyehama kanisa kwa sababu ya trei la makaroni.

Trei la Ozella lilikuwa la sukumawiki, na halijapata kurudi na jani.

"Mpenzi," alisema Velma, sauti imepakwa asali, "mwaka huu usijisumbue na mboga. Wewe lete vikombe vya karatasi."

Ozella alidhani hakusikia vizuri. "Vikombe?"

"Vya karatasi. Vyepesi kubeba."

"Velma, mimi naleta mboga tangu wewe bado unaunguza wali."

"Najua, mpenzi, na Bwana anajua. Lakini nyakati hubadilika. Na hata hivyo vikombe, ukiona vizito, usione haya kuniambia. Tutavipata."

Ozella alihisi damu inapanda shingoni. Alikumbuka agizo la daktari, akavuta pumzi, akaishusha. Kumbe habari zimefika. Wamesikia ameondoa nguruwe kwenye sufuria, nao wameamua kumwondoa yeye mezani. Vikombe! Vikombe huambiwa alete msichana aliyeolewa juzi, asiyejua kutofautisha chumvi na sukari.

"Nitaleta mboga."

"Na nyama ya kutilia utaitoa wapi, mpenzi?"

"Sitii nyama. Nimeacha nyama hiyo, na sina haja ya ruhusa yako."

Kisha Ozella alisikia kitu ambacho hakukitegemea kabisa: Velma anavuta kamasi.

"Oo, dada yangu," alisema Velma kwa kwikwi. "Oo, Yesu." Akakata simu.

Ozella aliitazama simu mkononi. Mwanamke analia kwa ajili ya mguu wa nguruwe! Akatoka kwenda bustanini kuchuma majani.

*

Jumapili walikwenda kwa gari. Hayo yalikuwa mapatano yao: kwenda atapanda, maana ana gauni la rangi ya zambarau na trei la moto mapajani. Kurudi, alisema Ozella, ni shauri lake. Raba zilikuwa kwenye mfuko, chini ya kiti, pamoja na mpini wa ufagio.

Purvis ndiye aliyekuwa akielekeza magari uwanjani. Alipoiona Biuki inametameta, alimwinamia Hosea dirishani akamgonga begani. "Una moyo, Kaka Hosea. Lakini umepiga hesabu vizuri. Leo Jumapili, benki hawafanyi kazi."

"Benki gani?" aliuliza Hosea, lakini Purvis alikwisha kwenda kwenye gari la nyuma.

Ibada ilikuwa tamu. Kwaya iliimba, mapepeo yakapepea, watoto wa Chicago wakalia kama ilivyo desturi yao wakisikia nyimbo za bibi zao. Kisha Mchungaji Larkin akashuka mimbarani, akavua miwani, ishara kwamba anataka kusema kama baba wa nyumba.

"Wapendwa, ipo nyumba miongoni mwetu inayopita katika bonde."

"Ee Bwana," wakaitika.

"Watu wenye fahari. Watu wanaotoa na hawaombi. Wanaumia kimya kimya. Lakini kanisa lina macho!"

"Lina macho!"

Ozella naye aliitikia, tena kwa nguvu. Alikuwa akipapasa mkoba kutafuta noti, akijiuliza ni akina nani masikini, aliposikia jina lake.

"Kaka Hosea, Dada Ozella, njooni mbele, wanangu."

Miguu iliwapeleka yenyewe. Walisimamishwa chini ya mimbari, nyuso zikiwaelekea watu, kama maharusi waliofumaniwa. Mashemasi wawili wakaanza kupitisha vikapu.

"Shemasi Purvis, shuhudia ulichokiona."

Purvis akasimama. "Nimemwona dada yetu barabarani, juani, kwa miguu. Si siku moja. Gari lao wamelificha bandani, chini ya turubai, benki wasilione. Nami nayajua hayo maisha. Halafu nikamwona Kaka Hosea pale kituo cha mafuta, ndani ya gari, peke yake, anakula kuku wa kukaanga. Anakula kwa haraka, ndugu zangu, kama mtu ambaye kwake hakujapikwa. Alilamba hadi karatasi."

Kanisa likaguna kwa huruma. Ozella aligeuza shingo polepole.

"Kuku?" alinong'ona.

"Na kambare," alinong'ona Hosea, macho sakafuni.

Sasa Velma alikuwa amesimama pia, leso mkononi. "Mimi nilimwona dukani ameshika nyama ya nguruwe, ameitazama, akairudisha. Akachukua maharage! Saluni haendi, tumemzoea na nywele zake za kunyooshwa, sasa ni kitambaa tu. Na Alhamisi, kwa kinywa chake mwenyewe, aliniambia hana nyama ya kutia kwenye mboga. Ozella Pruitt! Hana nyama!" Akashindwa kuendelea.

Vikapu vilikuwa vinarudi vimejaa. Hosea alikuwa ametoka jasho hadi kola imelowa, na Ozella aliona taya lake linavyotetemeka. Alikuwa ameliona taya hilo likitetemeka mara moja tu, kaburini kwa baba yake. Kumwonea huruma Hosea Pruitt mbele ya watu kulikuwa sawa na kumvua nguo. Na jambo la kumtia uchungu mtu ni kwamba walikuwa wanafanya kwa mapenzi. Wengine waliotia kikapuni walikuwa hawana.

Njia ya kutoka pale ilikuwa rahisi. Kusema ahsanteni, kukaa chini, na kuanzia kesho kutotembea tena. Kesho kutwa kurudisha mguu wa nguruwe sufuriani. Kila mtu angefurahi: Velma angesema maombi yamejibiwa, Hosea angekula nyumbani, na yeye angeketi kwenye kiti chake kizuri akimsubiri yule asiyepiga hodi.

Ozella alinyoosha mkono akachukua kipaza sauti mkononi mwa Mchungaji.

"Gari liko nje," alisema. "Liko bandani kila siku kwa sababu mume wangu hataki njiwa walinyee. Hatudaiwi na benki. Narudisha nyama dukani kwa sababu siitaki. Siendi saluni kwa sababu natoka jasho, na sitaki kuchagua kati ya nywele na mishipa ya kichwa changu. Kuhusu kuku wa kituo cha mafuta, hilo nitalishughulikia nyumbani."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akakatizwa.

"Machi nilisahau jina langu. Mnajua. Mlikuja hospitali, mkaniletea pai." Akanyoosha kidole kwenye dirisha la upande wa makaburi. "Mama yangu yuko pale. Ardelia yuko pale. Corinne yuko pale, na nafasi iliyobaki pembeni yake ni yangu, nimeiona. Wote watatu mliwapikia vizuri sana, siku ya kuwazika. Kuku alikuwa mzuri. Makaroni yalikuwa mazuri. Velma, keki yako ya matanga ya Corinne watu wanaizungumza hadi leo."

"Dada Ozella," alianza Mchungaji.

"Namaliza, Mchungaji. Mtu akilala kwenye kiti mchana kutwa, hakuna anayemuuliza kitu. Mtu akinyanyuka akatembea, mnamchangia. Mimi nitatembea. Kesho nitatembea, na Jumanne. Mkinipita barabarani, pigeni honi, mpite. Na hizi fedha" — alivitazama vikapu — "mpeni ambaye gari lake linachukuliwa kweli. Kama yumo humu ndani, mpeleke kwake nyumbani kwa mlango wa nyuma. Msimwite mbele."

Hakuna aliyesema amina. Velma alikaa chini, mdomo wazi.

"Tulikuwa tunakusaidia," alisema.

"Najua, Velma. Ndiyo maana sijakasirika. Sana."

*

Chakula kilipangwa nje, meza ndefu chini ya hema. Trei la Ozella lilikuwa limesogezwa hadi mwisho kabisa, jirani na vikombe vya karatasi. Mstari wa watu ulipita kwenye mbavu, ukapita kwenye kuku, ukapita kwenye viazi vilivyozama kwenye sukari, na ulipofika kwenye majani yake ukakatika, kila mtu akijifanya amemkumbuka mtu wa kumsalimia upande wa pili. Kijana mmoja wa Detroit alichota kidogo, akatafuna, akamtazama mama yake kama aliyedanganywa.

"Yana nini haya?" aliuliza.

"Hayana kitu," alijibu Velma kwa sauti iliyokusudiwa kufika. "Hilo ndilo tatizo lake."

Ozella alisimama nyuma ya trei lake, kijiko mkononi, mgongo umenyooka. Alikuwa amesema neno lake kanisani na halikumtetemesha. Lakini hili, la kusimama na chakula usichoombwa, lilimwingia mahali pasipo na ngozi. Mvuke uliacha kutoka kwenye majani, nzi wenyewe wakaenda kwa Velma.

Hosea alikuwa uwanjani, amemkamata Purvis mkono, anamwonyesha gari. "Limelipwa lote! Unasikia, Purvis? Lote! Miaka mingapi iliyopita! Njoo ukae ndani. Kaa! Nusa!"

"Nimesikia, Kaka Hosea."

"Kawaambie na wengine. Kwa kuwatangazia, nakuamini."

Akamwachia, akageuka, na ndipo alipoona mwisho wa meza: mke wake, kijiko, trei limejaa pomoni. Alisimama kidogo. Kisha akaja moja kwa moja, akaupita mstari wa watu, akazipita mbavu pasipo kuzitazama, ingawa shingo ilimsaliti kidogo. Akachukua sahani.

"Nitilie."

"Huyapendi, Hosea."

"Nitilie, mwanamke. Jaza."

Akajaza. Hosea alibaki amesimama mbele ya kanisa lote akala, uma baada ya uma. Siki ilimpanda puani, pilipili ikamtoa machozi, naye akatafuna kama ng'ombe wa maonyesho.

"Tamu!" alisema kwa nguvu.

"Mwongo," alisema Ozella taratibu.

"Nina kosa la kuku. Nalipa." Akapangusa jicho. "Na kambare. Nitilie tena."

*

Trei lilirudi garini na shimo moja tu kwenye kona. Ozella aliliweka kiti cha mbele, akalifunga mkanda. Kisha akakaa kwenye ngazi za kanisa, watu wakimtazama, akavua viatu virefu, akavaa raba.

"Mbele ya watu wote hawa?" aliuliza Hosea.

"Mbele ya watu wote hawa."

Aliushika mpini wake akashika njia. Gauni la zambarau lilimpiga magotini, na jua lilikuwa limeanza kuegemea misonobari. Alisikia Biuki inaunguruma nyuma, changarawe zinatafunwa, na akajibana pembeni ili ipite.

Haikupita.

Aligeuka. Hosea alikuwa nyuma yake hatua chache, amewasha taa zote, taa za tahadhari zinapepesa, gari linatambaa kama kobe.

"Pita!"

"Sipiti!" alijibu dirishani. "Wakuone unalo gari!"

"Utaunguza injini, Hosea!"

"Injini ni yangu, imelipwa! Wewe tembea!"

Akatembea. Huku anataka kucheka, huku anataka kulia, akachagua kuongeza hatua. Nyuma ya Biuki magari ya watu waliotoka kanisani yalianza kujipanga, maana barabara ni nyembamba na hakuna wa kulipita gari la mzee kwenye kona. La kwanza lilikuwa la Velma. Nayo yakawasha taa.

Karibu na daraja, gari lilitokea mbele yao. Likapunguza mwendo, likaingia kwenye majani ya kando, likazima injini. Mwanamume mnene akashuka, akavua kofia yake, akaibana kifuani, akainamisha kichwa. Likaja la pili, nalo likaegesha. Mwanamke aliyekuwa ndani alizima redio na kumgonga mtoto kwenye kiti cha nyuma anyamaze.

Ozella alishangaa, hadi alipotazama nyuma na kuona wanachokiona wao: gari refu la kijivu linalong'aa, taa zinawaka, linakwenda kwa mwendo wa kwaya, na nyuma yake mkia wa magari yenye watu waliovaa nguo za Jumapili. Katika kaunti ile watu wanaweza kukunyima salamu mwaka mzima, lakini maiti akipita, kila gari husimama.

Mzee wa kizungu aliyekuwa amesimama kando ya gari la tatu alimngoja afike usawa wake. Aliuona mpini wa ufagio, akauona na mguu uliovaa raba, lakini huzuni ilikuwa imeshamjaa usoni na hakujua pa kuiweka.

"Poleni sana, mama," alisema. "Amefariki nani?"

Ozella hakusimama. Kitambaa kilikuwa kimelowa, moyo unapiga, kila neno analolijua likiwa mahali pake kinywani, na jina lake pia.

"Bado!" alimjibu.

Akauinua mpini juu kama kiongozi wa bendi, akaongeza mwendo, na nyuma yake Hosea akalazimika kukanyaga mafuta.